Picha Iliyopigwa Dunguni

Majina yao wote ninayo. Ya watoto, ya baba zao, ya mama zao, hata ya vile vichanga vilivyoondoka kabla ya kuota meno. Ukinitajia nyumba, nakutajia waliozaliwa humo mmoja mmoja. Hicho ndicho Mungu alichonipa badala ya shule. Lakini hapa sitaandika hata jina moja, na si kwamba nimesahau. Sababu iko mbele, tutaikuta.

Mwalimu alipanga chumba kwangu, upande wa Mtawanya, miaka ile simu za kupangusa zilipokuwa ndiyo zinaingia. Mambo ya soko huria tulikuwa tumekwisha kuyazoea. Maji yanauzwa kwenye chupa, udongo wa kula waja wazito unauzwa kwenye mfuko, na pale Kibiti barabarani kila kibanda kina mwamvuli wa kampuni ya simu. Mama yangu angefufuka siku zile angeomba arudishwe.

Mwalimu huyu alikuwa mtu wa bara, wa huko Songea, Mkristo. Jumapili anafunga kitambaa anakwenda kanisani, Ijumaa ananikumbusha mimi udhu. Alifundisha darasa la saba shule yetu ya hapo, na mjukuu wangu alikuwa mmoja wa wanafunzi wake. Mjukuu huyu mama yake aliniachia akingali ananyonya, akaenda zake kwa Mola. Nimemlea kwa uji na kwa utani. Nikimwita namwita mke mwenzangu, maana tulikuwa na mume mmoja, marehemu babu yake, aliyekuwa akimpa yeye minofu ya samaki na mimi kichwa.

Huyu mke mwenzangu nilitaka afike sekondari. Katika nyumba yetu hakuna aliyefika. Mimi mwenyewe nilisoma kisomo cha watu wazima, alasiri, kwenye ghala la ushirika, mtoto mgongoni na jembe mlangoni. Nasoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Nikifika ng'ambo nimechoka, lakini nafika.

Basi siku moja mwalimu alirudi kutoka semina. Walimu wachache walichaguliwa, wakapelekwa kufundishwa namna ya kufundisha kwa mtandao. Alirudi na begi jipya la kitambaa na macho yanayong'aa. Akakaa mkekani kwenye baraza, nikimenya muhogo.

"Bibi, nimefungua blogu."

"Umeifungua wapi?"

"Mtandaoni. Ni kama ukurasa wangu. Naandika somo, mtu yeyote duniani anaingia anasoma."

"Ina mlango?"

"Haina. Anaingia yeyote."

"Basi hiyo si nyumba, mwanangu. Hilo ni gulio."

Akacheka. Lakini alifanya kazi, sitamdhulumu. Akitoka shule anasahihisha madaftari, anachota maji, halafu anaandika somo kwanza kwenye karatasi, ndipo analihamishia kwenye simu kwa kidole gumba, herufi moja moja. Kidole kile kilimwota sugu. Mtandao wenyewe ulipatikana kwenye kona ya ukuta karibu na choo, kwa hiyo mwalimu wa dunia alikuwa akisimama huko, simu juu, kama mtu anayesubiri mvua kwa mkono.

Kulikuwa na kidude kwenye ile blogu kinachoonyesha wageni waliopita. Kila jioni anakitazama. Baada ya muda akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyefika msibani akakuta wamekwisha kuzika, "Bibi, nimegundua wageni wote ni mimi mwenyewe. Nikiingia kutazama kama kuna mtu, kinanihesabu."

"Sasa ulikuwa unamwandikia nani?"

"Dunia."

"Dunia haina mtoto darasa la saba."

Shuleni nako walimwonea. Mwalimu mwenzake mmoja, mwanamke wa hapa hapa, kila akimwona na simu anamwuliza, "Dunia umeshaisahihishia? Basi tusaidie na haya madaftari ya Mtawanya." Mwalimu mkuu hakumtania. Alikuwa mtu mzima amebakiza kidogo astaafu, mtu wa huku huku, na kila jambo jipya alilitazama kama mgonjwa anavyotazama sindano. Alimwambia tu, "Fanya, mwalimu. Ila usituletee wageni."

Nimelikumbuka sana neno lile baadaye.

Mvua kubwa zikapita. Sasa hapa lazima nieleze, maana mgeni hataelewa. Sisi ni watu wa bonde. Zamani, nikiwa mwali, serikali ilituhamisha kutoka bondeni ikatuleta huku juu, tuwe karibu na barabara na shule na zahanati. Nyumba zikahama. Mashamba hayakuhama, yatahamaje. Kwa hiyo kila mwaka, mto ukishapanda na kushuka na mpunga ukianza kutoa masuke, tunafunga virago tunashuka, njia ya Utete mpaka Mkongo, halafu kwa miguu. Kule kila familia ina dungu lake. Dungu ni kibanda cha miti kilichosimama juu ya nguzo, unapanda kwa ngazi, ili maji yapite chini na nguruwe wasikufikie usingizini. Unakaa humo mpaka mavuno, ukiamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga. Kweleakwelea wakitua shambani kwako asubuhi moja bila mtu, jioni unavuna majani.

Na kuamia kunataka macho mengi na koo nyingi. Kwa hiyo watoto wanashuka nasi. Miaka yote. Shule inajua, kijiji kinajua, na mahudhurio huandikwa kama vile hakuna aliyeondoka. Hakuna aliyewahi kukaa kikao kulikubali jambo hili. Lilikuwepo tu, kama njia ya mkato.

Mwalimu wetu ndio kwanza alikuwa anauona msimu. Akarudi mchana mmoja, akaweka begi chini, akasema, "Bibi, leo nimefundisha madawati."

Nikamwambia waliko. Huyu yuko Mkongo kwa baba yake mdogo, hawa wawili wako jirani na shamba langu, yule amevuka kwenda upande wa Ngorongo na bibi yake mzaa mama. Nilimtajia darasa zima kwa majina, na majina ya baba zao, na dungu la kila mmoja liko karibu na nini. Alikuwa ananitazama mdomo.

"Na huyu wako?"

"Anashuka na mimi Jumamosi."

"Bibi, mtihani mwezi wa tisa."

"Najua. Na ndege mwezi wa tano."

"Hawezi kubaki? Akae na mimi."

"Nitaamia na nani? Magoti haya?" Nikamwonyesha. "Mpunga ule ndio sare ya sekondari, ndio daftari, ndio chakula chetu mpaka mwakani. Nikimwacha asome, hana pa kwendea na elimu yake. Nikimchukua, anakosa elimu yenyewe. Niambie wewe uliyesoma."

Sikuwa namkomoa. Tulikaa pale wote wawili tumechoka, muhogo unachemka.

Ni yeye aliyepata wazo. Mwanangu wa Mbagala alikuwa ameniletea simu yake ya zamani ya kupangusa, kioo kimepasuka kama tambi, nami nilikuwa naitumia kama tochi. Mwalimu akaichukua. Akaweka kundi la kutumiana ujumbe, akatuingiza: yeye, mimi, wazazi wawili watatu wenye simu kama zile, na mwalimu mkuu kwa heshima. Wazazi wengi wa bondeni walikuwa na vitochi tu, simu za kupigia na kumulikia, haziingii mtandao. Kwa hiyo alinipanga hivi: yeye atanitumia somo, mimi nitawaita watoto wa madungu ya jirani.

"Mimi niwafundishe?"

"Usiwafundishe. Wasikilizishe. Unabonyeza hapa, sauti yangu inatoka."

"Na wakiuliza?"

"Unabonyeza hapa, wananiuliza."

"Na nikikosea kubonyeza?"

"Huwezi kukosea, Bibi."

Nilikosea siku ya pili tu. Mtoto mmoja aliuliza swali, nikabonyeza, nikadhani limekwenda, nikaning'iniza simu kwenye nguzo ya paa ambako mtandao unashika. Kumbe sikuiachia sawasawa, inaendelea kurekodi. Wakatua ndege. Nikasimama nikawatukana, wao na mama zao, kwa Kiswahili na kwa Kindengereko, matusi ya shamba ambayo mtu hayasemi mbele ya mkwe. Ujumbe ule ukaenda kwenye kundi zima. Mwalimu alikuwa ofisini pamoja na wenziwe, akaufungua kwa sauti kubwa akidhani ni swali la hisabati.

Mwalimu mkuu akauliza, "Anatukanwa nani hapo?"

"Ndege, mwalimu."

"Una uhakika ni ndege?"

Alinisimulia jioni ile kwa simu, akicheka mpaka akakohoa. Hiyo ndiyo mara ya mwisho kumsikia akicheka hivyo mwaka ule.

Darasa lenyewe lilikuwa la mchana, saa ya jua kali, maana ndege nao hupumzika joto likizidi. Asubuhi wanakuja, alasiri wanakuja, katikati wanakaa vichakani. Watoto walikuwa wanakuja kwangu wamekauka midomo, makombeo shingoni, wanapanda ngazi, wanakaa kwenye sakafu ya fito. Nawapa muhogo na kambale wa moshi. Halafu nabonyeza, na sauti ya mwalimu inatoka katikati ya mpunga: leo tunajumlisha sehemu, tafuta kigawe kidogo cha shirika. Mke mwenzangu ndiye aliyekuwa anashika somo upesi kuliko wote. Wengine walisinzia. Sikuwaamsha. Mtoto aliyeamka alfajiri kuwapigia ndege debe, usingizi wa mchana ni haki yake. Nilikuwa nawarudishia ile sauti wakizinduka.

Mwalimu naye alijifunza kwa njia hiyo. Mwanzo alizungumza kirefu, kama yuko mbele ya ubao. Nikamwambia, watoto wanaishia njiani. Akafupisha. Mwanzo alituma maandishi, nikamwambia macho yangu hayapandi mlima huo na jua lile. Akaacha. Akajifunza kusema jambo moja, kunyamaza, kusema tena. Blogu aliisahau kidogo. Nilidhani amepona.

Jumamosi moja akaja mwenyewe, kwa bodaboda mpaka mwisho wa njia, halafu matopeni, viatu mkononi. Hakuwahi kuona dungu. Alipanda ngazi polepole, akafika juu, akatazama. Mpunga ulikuwa umeshika maziwa, umeinama, kijani inaanza kugeuka. Watoto walikuwa katika kipindi chao cha mchana. Mke mwenzangu alikuwa amekaa ukingoni, miguu inaning'inia, daftari gotini na kombeo mkono wa kushoto. Wengine walimpa mwalimu mgongo, wameinama wanaandika.

Akasema, "Bibi, sogea kidogo." Akapiga picha.

Ile picha ilikuwa nzuri, nisiseme uongo. Aliiweka kwenye blogu na kwenye ule mtandao mwingine wa watu kuonyeshana sura zao. Akaandika chini yake, darasa langu la bondeni. Hakutaja majina, wala jina la shule. Lakini yeye mwenyewe alikuwa anajulikana, na semina ile ilikuwa imewaunganisha walimu wa sehemu nyingi. Wakaitumiana. Siku mbili tatu baadaye akanipigia, maneno yanakanyagana.

"Bibi, blogu imejaa watu. Watu wa kweli, si mimi."

"Wanasema nini?"

"Wanasifu. Walimu wa Mwanza, wa Arusha, wanauliza nimefanyaje. Wanasema huu ndio ualimu."

Nilimpongeza. Nilikuwa nimechoka siku ile, ndege wamenitoa roho, lakini nilimpongeza kwa moyo. Mtu aliyeandikia ukuta muda wote ule, mwache afurahi.

Mgambo alikuja wiki iliyofuata. Alikuwa anapumua kwa tabu, kavuka matope mpaka magotini. Akasimama chini ya ngazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Unaitwa shuleni. Kuna mtu kaja kutoka wilayani. Ameona picha."

Nilimwacha mke mwenzangu na shamba, yeye peke yake. Nilipanda bodaboda ile nimefumba macho njia nzima.

Ofisini walikuwa wanne. Mwalimu mkuu nyuma ya meza, ameshika kidevu. Mratibu wa elimu wa kata, kijana mpya. Mwalimu wangu ukutani, macho sakafuni. Na yule bwana wa wilayani, shati limemganda mgongoni kwa jasho, mtu aliyetumwa. Hakuwa mkali. Ningependa angekuwa mkali, ningejua pa kumshika.

"Karibu, mama. Pole na safari."

"Nimeshapoa."

Akatoa simu yake, akanionyesha picha. "Hii imepigwa mwezi huu. Siku za masomo watoto hawa wako wapi?"

"Hapo unapowaona."

"Mama, kumpeleka mtoto wa shule shambani siku za masomo ni kosa. Mzazi anapelekwa mahakamani. Hii si mimi, ni sheria. Mkubwa wangu kaiona picha hii, kaniuliza hawa ni wa nani. Nikirudi lazima nijibu."

Mwalimu mkuu alijikohoza. Nilijua anachokifikiria. Watoto wale aliwaandika wote wapo. Majina yakitoka mdomoni mwangu, yatakwenda kulinganishwa na maandishi yake, na miaka yake yote ya kazi itaishia pale, mlangoni mwa kustaafu. Na wazazi wao watatolewa madunguni mpunga ukiwa na maziwa.

Bwana yule akaitanua picha kwa vidole viwili. "Huyu ni nani?"

"Huyo ni mjukuu wangu. Niko naye mimi."

"Na huyu?"

"Huo ni mgongo."

"Mgongo wa nani?"

"Mwanangu, mgongo hauna jina."

Mratibu, kijana wa watu, hakuwa na ubaya, akadakia. "Mheshimiwa, bibi huyu ndiye kitabu cha kata. Kwenye misiba anaitwa yeye kutaja ukoo. Hakuna mtoto asiyemjua."

Wote wakanitazama. Mwalimu wangu akainua macho kwa mara ya kwanza. Alikuwa na sura ya mtu aliyedondosha chungu cha wenyewe. Yeye aliulizwa kabla yangu, akasema aliwapiga picha kwa nyuma, hawatambui. Lakini mimi nilikuwa nimemtajia wote, mkekani, kwa majina ya baba zao. Alijua ninayo.

"Zamani," nikasema. "Zamani nilikuwa hivyo. Sasa nimezeeka. Macho hayaoni, na majina yanakwenda. Juzi nimemwita huyu mjukuu wangu kwa jina la mbuzi."

"Hata mmoja humkumbuki?"

"Namkumbuka huyu wangu. Mwandike huyo."

"Mama, ukitaja wenzako, lawama inagawanyika. Ukimtaja wako tu, ni wewe peke yako."

"Mwandike huyo."

Alitazama picha, akanitazama mimi. Nadhani alijua. Naye alikuwa amechoka, na njia ya kurudi ilikuwa mbaya. Akaandika. Akasema kwa kuwa nimekuja mwenyewe na nimekiri, hatanipeleka mbele kwa mara hii, lakini mtoto Jumatatu awe darasani, na akikosekana tena siku moja mimi nitalala ndani. Nikatia sahihi kwa herufi zangu za kisomo. Mwalimu akaambiwa aifute picha, na asiandike tena jambo la shule mtandaoni bila ruhusa ya maandishi.

Alinisindikiza mpaka barabarani. Tulitembea polepole kwa ajili ya magoti yangu. Akasema, "Nilitaka waone."

"Wameona."

"Nimefuta, Bibi. Nimefuta blogu yote. Na yale masomo."

"Yale masomo yalikuwa na kosa gani?"

Bodaboda ikaja.

Mke mwenzangu aliondoka bondeni Jumapili. Alilia. Hakulilia shamba, aliona magoti yangu.

"Utapandaje ngazi?"

"Kama ninavyopanda siku zote. Kwa kulalamika."

"Nani atapiga debe upande wa mto?"

"Mume wetu atafufuka apige. Nenda."

Akaenda akakaa na mwalimu, chumbani mwake. Mimi nikabaki na ndege. Siku za kwanza sauti ilinikauka, nikawa napiga debe tu kama kichaa wa arusi. Upande wa mto sikuweza kuufikia, wakaula, nikiutazama. Ni kitu cha ajabu kutazama chakula chako kinainuka na kuruka.

Halafu asubuhi moja nikasikia makopo yanalia shambani kwangu, na mimi sijashika kamba. Nikatazama. Majirani wa kulia na wa kushoto, wale wenye watoto niliosema ni migongo, walikuwa wamefunga kamba ndefu yenye makopo kutoka dungu la huyu, ikapita katikati ya mpunga wangu, mpaka dungu la yule. Yeyote akivuta kwake, kwangu pia kunalia. Hawakuja kuniambia kitu. Mama mmoja alipita na ndoo ya maji, akaniamkia, akasema tu, "Mama, kamba ile ikilegea tuite." Nikamwambia haya. Basi.

Na mchana, saa ya joto, ile migongo iliendelea kupanda ngazi yangu. Maana siku ya pili tangu mtoto arudi shule, simu ililia, nikabonyeza. Haikuwa sauti ya mwalimu. Ilikuwa ya mke mwenzangu. "Bibi, hujambo. Leo tumesoma mzingo wa duara. Waite." Nyuma yake nikamsikia mwalimu, kwa mbali, akimwambia aseme taratibu, aseme jambo moja, anyamaze, aseme tena. Mwalimu alikatazwa kuandika. Kusema hakukatazwa, na msemaji hakuwa yeye. Kila siku mtoto yule alitoka darasani akasimama kwenye ile kona ya choo akatuletea somo. Hakuna picha iliyotumwa tena, hata ya kambale.

Nilivuna pungufu. Upande wa mto ulikuwa majani matupu. Lakini kilichobaki kilitosha kula, na kipande kikawa sare. Mke mwenzangu alifanya mtihani mwezi wa tisa na wenzake wote, kwa kuwa hakuna jina lingine lililoandikwa siku ile. Yeye alifaulu, na baadhi ya wale wenzake, na wengine hawakufaulu. Mwalimu mkuu alistaafu kwa amani, akaniletea ndizi, akakaa barazani kwangu muda mrefu bila kusema kilichomleta.

Mwalimu alihamishwa Januari, upande wa Ngorongo. Hakusema ni adhabu na mimi sikuuliza. Alifunga vitu vyake kwenye lile begi la semina, limeshapauka.

Huko nako watoto wanashuka. Kwa hiyo kila msimu, mpunga ukianza kutoa masuke, simu yangu inalia. Wengi wa watoto wa huko ni wajukuu wa watu niliocheza nao.

"Bibi, shikamoo. Darasa limeanza kupungua. Nitajie waliko, masomo yawafuate."

"Marahaba. Umeshika kalamu?"

"Nimeshika."

"Iweke chini."

Namsikia anaiweka, inagonga meza. Ndipo namtajia, wa kwanza, na baba yake, na dungu lao, halafu wa pili, polepole, jambo moja, nanyamaza, nasema tena. Ananirudishia kwa mdomo mpaka ashike. Nachoka sana siku hizi, na simu inapata moto sikioni, nabadilisha sikio. Akikosea jina namsahihisha. Chaji ikikaribia kwisha namwambia, na tunaendelea mpaka izime.